Mustari wa Saba wa Kaye ya Muzee Nsanzimana

Pale Kituku, ukingoni mwa ziwa ambapo mitumbwi ya Goma inashusha samaki, mutu akitaka sambaza, wale samaki wadogo, ambao hawajalala, anaenda kwa Mama Léonie. Akitaka kujua ni wapi ziwa linakuwa baya njiani kuelekea Minova, anaenda kwa huyo huyo, lakini ajitayarishe kutukanwa kidogo kwanza. "Macho yako ni ya kazi gani?" ndilo jibu lake la kwanza. La pili ndilo lenye maana.

Alikuwa na miaka hamsini na ine, mabega ya mutu aliyepiga kafi tangu utoto, na miaka mitano ya shule ya primere ambayo aliitumia kuliko wengine wanavyotumia diplome zao. Baba yake, muzee Nsanzimana, alitoka milima ya Masisi akashuka kukaa kando ya maji, akawa anabeba maharagi na viazi kwa mutumbwi kutoka upande wa Minova mpaka Goma. Hakujua kusoma. Léonie alipofika miaka kumi na mbili, baba alimukalisha mbele ya mulango siku ya Mungu baada ya kanisa, akamupa kaye, daftari ya shule, na biki, akamutajia njia yote ya maji, kituo kwa kituo: wapi pa kushukia, wapi mawe yamejificha, kwa nani mutu anaweza kuomba moto.

Umbali aliupima kwa nyimbo. Watu wa mutumbwi wake walipiga kafi wakiimba nyimbo za kanisa, basi kutoka Kituku mpaka jiwe la kwanza ni nyimbo tatu, kutoka hapo mpaka penye muti uliokatika ni tano, na zote zihesabiwe pamoja na maitikio. Alipofika kituo cha saba, muzee alinyamaza. Halafu akasema, "Acha mustari." Léonie akaandika saba, akaacha mustari mutupu, akaandika nane.

Hakuuliza, sababu alijua. Mwaka mumoja kabla ya hapo, kaka yake Havugimana alivuta mutumbwi kwenye pwani ndogo ya kituo cha saba. Ni mahali pazuri kwa macho: muchanga mweusi, majani laini, shimo lililokingwa na upepo kila upande. Alikuwa amechoka. Akalala hapo na mbuzi wawili aliokuwa anawapeleka soko. Kesho yake watu walimukuta vile vile, mukono chini ya shavu, mbuzi wamekunja miguu kando yake. Hakuna damu, hakuna kidonda. Ni mazuku, ile hewa mubaya inayotoka chini ya udongo. Haina rangi, haina harufu ya kumuonya mutu, na kwa uzito inashinda hewa ya kawaida, kwa hiyo inajaza shimo kama maji yanavyojaza sahani. Aliyesimama anaweza kupita asijue kitu. Anayelala haamuki. Jua likikaza na upepo ukivuma, inatawanyika. Upepo ukifa jioni, inarudi mahali pake.

Tangu siku ile watu wa mitumbwi hawakutaja tena jina la mahali pale. Wakikaribia waliacha kuimba, wakapita kimya, na wimbo ukaanza tena mbele, kwenye mwamba wa kituo cha nane. Ndiyo maana kwenye kaye hata nyimbo za kipande kile hazikuhesabiwa. Kila mutu wa ziwa alijua ule mustari mutupu unasema nini. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja kaye itasomwa na mutu asiye wa ziwa.

Mutu huyo alikuwa Janvier, mwanaume mupole mwenye miwani, ambaye pamoja na wenzake watatu walikuwa na kayaki ine za plastiki, za manjano kama ndizi zilizoiva. Walitaka kupanga safari ya siku tatu, kufuata ukingo mpaka Minova. Janvier alitafuta mwongozo wa njia ya maji mwezi muzima. Mu telefone alipata mito ya nchi za watu, imechorwa hatua kwa hatua, hata choo iko wapi wameandika. Ya kwetu, bure. Alienda ofisini wakamupa karta ambayo kila kilima kilikuwa na jina, na ziwa ni rangi ya bulu tupu, kama muchoraji alichoka akamwanga wino aende kula.

Mumoja wa wale wenzake alikuwa Héritière, kitinda mimba wa Mama Léonie, musichana wa miaka makumi mbili na tatu. Ndiye aliyesema, "Mama yangu iko na kaye."

Janvier akaja Kituku saa ile ambayo mutu mwenye akili haji, saa mitumbwi inashusha samaki.

"Jambo, mama."

"Jambo, papa. Unataka sambaza, ao unataka tu kunizibia jua?"

"Héritière aliniambia uko na kaye ya njia ya ziwa."

"Héritière anasema mingi. Aliniambia hata wewe unajua kuogelea."

"Ninajua, mama."

"Mu pisine ya hoteli."

Wanawake wa meza za kando walicheka. Janvier naye akacheka, na hapo Mama Léonie akamupenda kidogo. Akafuta mikono, akatoa kaye mu mufuko wa plastiki alimokuwa anaiweka chini ya kitambaa cha mizani. Kusema kweli alikuwa na furaha. Tangu baba afe, hakuna mutu aliyewahi kuomba kuiona. Janvier alipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Akafika kati.

"Mama, hapa saba, ulisahau kuandika?"

Wakati ule ule muteja mumoja alikuwa anarudisha sambaza kwenye beseni, anasema ni wadogo. Mama Léonie alikuwa na kinywa kimoja tu. "Sikusahau kitu," alimujibu Janvier bila kugeuka. "Andika vile iko." Halafu akamugeukia yule wa sambaza, na maneno mazuri yote yakaenda huko.

Juma moja likapita. Siku ya posho, ile Jumamosi, saa nane ya muchana, Paul akaja mezani na karatasi iliyofunikwa plastiki. Paul ni mwenye mutumbwi wa moteri unaobeba watu na mizigo ya Minova, na macho yake yalianza kumuacha.

"Janvier amenipa hii nitundike mu mutumbwi," alisema. "Unisomee, mama. Hizi herufi ni mayai ya sisimizi."

Karatasi ilikuwa nzuri. Ukingo wa ziwa ulichorwa na rangi, vituo kumi na moja, na chini kabisa: kufuatana na kaye ya muzee Nsanzimana, iliyoandikwa na binti yake Léonie Umurerwa. Mama Léonie alilisoma jina lake mara mbili. Wanawake wakasogea, akaanza kuwasomea kwa sauti, kifua mbele. Kituo cha kwanza, jiwe. Nyimbo tatu zilikuwa zimegeuka kilometa.

"Nyimbo za Bwana zimekuwa kilometa," alisema mama mumoja. "Muzee angeuliza maitikio yako wapi."

Cha pili, cha tatu, cha ine. Cha tano, cha sita. Kisha hawakusikia tena sauti. Walimuona tu anasoma kwa macho. Kwenye saba Janvier alikuwa ameandika: Pwani tulivu, imekingwa na upepo, muchanga laini. Pazuri sana kupiga hema. Hapa tunalala siku ya kwanza.

"Janvier na Héritière walienda saa ngapi?" aliuliza.

"Leo, saa mbili ya asubuhi," Paul alisema. "Mimi mwenyewe niliwasukuma mu maji. Héritière alikuwa anaimba."

Telefone ya Héritière ilijibiwa na yule mwanamuke wa rezo anayesema kila kitu kwa upole: anayetafutwa hapatikani kwa sasa. Ya Janvier vile vile, upole ule ule. Nyuma ya ile milima rezo haifiki. Mama Léonie alifungua kitambaa cha kiuno, akakifunga tena kwa nguvu zaidi.

"Paul, washa moteri."

"Niko na mizigo ya watu wa Minova, mama. Naondoka saa kumi."

"Shusha mizigo."

"Watu watanitukana."

"Watakutukana kesho. Mimi ninaanza sasa hivi." Akamuonyesha karatasi kwa kidole, pale kwenye saba. Paul hakuona herufi, lakini aliona namba na aliona mahali kidole kilikuwa kwenye ukingo. Naye ni mutoto wa ziwa. Alianza kushusha magunia, lakini kazi ile, pamoja na kutafuta mafuta, ilikula saa nzima.

Walipotoka, ziwa lilikuwa bado na mawimbi madogo, na Mama Léonie aliyashukuru moja moja. Mawimbi ni upepo. Alikaa mbele, anahesabu nyimbo kimoyomoyo, lakini moteri ilikuwa inamupitisha vituo kabla wimbo haujafika mwisho, hesabu ikamupotea. Kwenye kituo cha ine mawimbi yalipungua. Kwenye cha tano maji yalikuwa kama mafuta ndani ya sufuria baridi. Moshi wa makala uliotoka nyumba za kilimani haukupanda juu. Ulikuwa unashuka taratibu kati ya migomba, kama mutu anayetafuta mahali pa kulala.

"Upepo umekufa," Paul alisema.

"Nimeona. Ongeza."

Walipopita cha sita, Paul alinyamaza na mukono wake ukapunguza moteri wenyewe, vile mukono wa baba yake ulivyokuwa unafanya na kafi. Mama Léonie alimugeukia. "Ongeza, nimesema."

Pwani ikaonekana. Kayaki ine za manjano zilikuwa zimepangwa moja kando ya nyingine, mahema mawili chini kabisa ya shimo, pale majani ni laini. Wenzake wawili wa Janvier walikuwa mu maji mpaka kiunoni, wanaosha sahani, wanacheka. Kwenye muchanga ndege mweupe alikuwa amelala, kichwa ndani ya bawa. Janvier alikuwa amechuchumaa mbele ya babula, jiko lao la makala.

"Mama Léonie," aliita kwa furaha. "Karibu sana. Ni moto tu ndio unatusumbua. Makala ni makavu, kiberiti kinawaka, lakini nikikishusha kinazima. Kijiti hiki ni cha nane."

Miaka makumi ine na tatu watu walikuwa wamepita mahali pale kimya. Mama Léonie alisimama ndani ya mutumbwi akapiga kelele mpaka kilima kikarudisha sauti.

"Simama, Janvier. Simama wima. Usiiname tena, ingia mu maji. Héritière iko wapi?"

"Anapumuzika mu hema. Kichwa kilikuwa kinamuuma." Alisimama, akacheka kidogo, kisha miguu ikamukataa. Akaenda kwenye maji akitangatanga kama mulevi, wenzake wakamudaka.

Paul alipandisha mutumbwi kwenye muchanga. Mama Léonie alivuta pumzi moja, kubwa, ile ya kuzamia, akafunga kinywa na kushuka. Hatua kumi na tano. Mulango wa hema ulikuwa wazi. Héritière alilala ubavu, mukono chini ya shavu, bado amevaa jile yake ya kuelea. Kwa muda mufupi sana mama yake hakujua ni mwaka gani. Kisha akainama, akashika ile jile kwenye mabega kwa mikono miwili, akamuinua. Si kumuvuta, kumuinua, kichwa kwanza, juu ya kifua chake, na Paul aliyemufuata naye amefunga kinywa akabeba miguu. Hatua kumi na tano tena. Kifua kilikuwa kinamuwaka. Alipumua tu walipomulaza ndani ya mutumbwi na Paul akausukuma ziwani.

Alimupiga mugongo. Alimumwangia maji usoni. Alimupulizia mu kinywa vile baba alivyomuonyesha kwa watu waliozama. Wale wengine walikuja nyuma na kayaki. Ilichukua muda wa wimbo mumoja pamoja na maitikio yake. Halafu Héritière akakohoa, akatapika, akafungua macho.

"Mama," alisema, "unapiga mugongo kama unapasua kuni."

"Nyamaza, pumua," mama yake alisema.

Waliposogea mbali, Janvier, aliyekuwa amepandishwa mutumbwini, alikuwa bado ameshika kiberiti. "Nilikuuliza, mama," alisema polepole. "Ulisema niandike vile iko. Nikaandika hivyo kwanza. Kisha nikaona mu telefone, mu picha iliyopigwa kutoka juu, pwani nzuri, na mustari mutupu. Niliuonea huruma kuuacha mutupu."

Watu wa Kituku hawakuamini walipohadithiwa, lakini Paul anaapa: Mama Léonie hakumurudishia hata tusi moja. Alisema tu, "Mukono ulioacha mustari ni wangu."

Siku ya kwanza ya juma alitoa kaye mbele ya wote, akafuta meza, akaandika mahali muzee alipokataza: 7. Hapa alilala Havugimana, mutoto wa Nsanzimana. Hakuamka. Mazuku. Usishuke. Mama mumoja muzee alipoona anaandika jina, aligeuka akatazama upande wa soko. Mama Léonie hakumutukana.

Janvier alizunguka muji kukusanya zile karatasi alizogawa. Alikuwa amechapisha makumi ine. Alipata zote isipokuwa tatu. Lakini alikuja mezani na uso wa mutu anayetaka kusema kitu kingine.

"Niliiweka pia mu telefone, mama, mahali kila mutu anaweza kuiona, siku mbili kabla ya safari. Nimeshaitoa. Lakini watu waliichukua. Wengine walinishukuru, watu nisiowajua hata wanatoka wapi."

"Wangapi?"

"Sijui."

Tangu siku ile meza yake inaelekea ziwa, mugongo kwa wateja. Kila anayeshuka mu maji na kafi, Mama Léonie anamuuliza kama yuko na karatasi, na anamusomea mustari wa saba hata kama hakuomba. Wengine wanasema uzee umeanza.

Siku ya tano baada ya kuandika, alasiri, bendera ya ofisi ya bandari ilianza kuning'inia, upepo unakufa. Mama Léonie aliinua macho, akaona mbali, nje kabisa ya njia ya mitumbwi ya Kituku, kayaki mbili nyekundu, ndogo, kafi zinapiga kushoto na kuume. Zilikuwa zinaelekea magharibi, upande wa Minova. Alipanda juu ya kasha la samaki akaita kwa sauti yake yote. Mumoja wa wale wawili alisimamisha kafi, akaiinua juu kumusalimia. Kisha wakaendelea.

Mama Léonie aliacha sambaza juani.

"Paul," alisema, "washa moteri."

Paul alitazama jua. Magunia ya watu wa Minova yalikuwa yamejaa mpaka ukingoni. Hakuyataja. Alianza kuyatupa nje.