Uso Usiopakwa Rangi

Mchora mabango ya saluni wa mtaa wa Isipingo, mkimbizi ugenini, haanzi na rangi hata siku moja. Huchonga mkaa kwa wembe, akachora kwanza uso wa mkewe aliyebaki Bujumbura, kisha juu yake hupaka mitindo ya nywele aliyoagizwa. Leo Spès, mwenye saluni, alimuuliza mbona mkewe hampaki rangi. Akajibu kwa sauti ileile aliyofundishia shule kabla ya vita: "Dada, wachoraji wa kale wa mji wa Firenze, kule Ulaya, walisema mchoro unatoka akilini. Wa mji wa Venezia wakasema hapana, uhai uko kwenye rangi." Akachovya brashi kwenye kopo la kahawia, akaisogeza hadi karibu na shavu la mchoro, kisha akairudisha. Akaifuta taratibu kwa kitambaa.

"Kumchora naweza kwa kukumbuka. Rangi inataka akae hapa."