Baridi ya Kambove na Matairi Yaliyolegea

Mdogo wangu Dieudonné alitaka kuoa Kambove, na kwetu kijana hajisemei. Husemewa na mjomba. Mjomba hana gari, mimi dada mtu nina pikipiki. Ndiyo maana katikati ya msimu wa baridi nilimpakia nyuma yangu tukatoka Lubumbashi.

Alfajiri, njia ya Likasi ilikuwa na ukungu. Mjomba alivaa makoti mawili, moja juu ya jingine, na kila lori la madini lilipotupita alinibana mbavu. "Polepole, mama! Mifupa yangu haiko ya chuma."

Saa sita mchana tulipumzika Likasi. Jua lilikuwa limewaka, lami ilikuwa ya moto, na matairi vilevile. Mjomba aliyabonyeza kwa kidole gumba.

"Iko nguvu kama jiwe! Ndiyo inanivunja mugongo." Akamwita fundi wa matairi atoe upepo.

"Mujomba, acha. Tairi ikipata moto, upepo unatanuka. Kesho baridi itaushusha."

"Mutoto anafundisha mujomba?"

Fundi akatoa upepo, mbele na nyuma. Mjomba akamaliza maji yake, akakaza kifuniko cha chupa ya plastiki na kuifunga nyuma ya kiti, maana yeye hatupi chupa.

Jioni tulifika Kambove. Mama Jolie, mama wa binti, ni mjane mwenye sauti kubwa na mikono ya ukarimu. Aliifungia pikipiki yetu uani mwenyewe, akafunga ufunguo kwenye pindo la kitenge chake. Neno la posa likasubiri asubuhi, kwa kuwa mjomba alikuwa amechoka.

Asubuhi baridi ilikuwa ya kung'ata, pumzi zinatoka kama moshi. Nilitoka uani nikakuta mjomba amesimama mbele ya pikipiki. Matairi yote mawili yalikuwa yamelegea, la nyuma limejikunja chini kama midomo ya mtu aliyenuna.

"Ufunguo iko na nani?" akauliza.

"Iko na miye," alijibu Mama Jolie.

"Basi kama hamutupendi, museme! Si kututolea upepo."

"Miye? Nitoe upepo na meno?"

Mjomba hakucheka. Alianza kuvaa koti la pili. Ndani, bukari, ugali wa kwetu, ilikuwa inafuka mezani, na mgeni wa posa akiondoka bila kula, posa imekufa. Nilimfikiria Dieudonné kule nyumbani, nikaisogelea pikipiki.

Hapo nikaiona chupa. Ilikuwa palepale nyuma ya kiti, kifuniko kimekazwa, lakini mbavu zake zimebonyea ndani.

"Mujomba, hii chupa aliifunga nani?"

"Miye mwenyewe, Likasi."

"Na nani aliitoa upepo?"

Akaigeuza, akaangalia kifuniko. Nikaichukua na kuishika juu ya babula, jiko la makaa, si karibu sana. Tulingoja. Ghafla, pok! Ubavu ukarudi nje, chupa ikanenepa.

"Upepo haukutoka," nikasema. "Ulipoa, ukajikunja, kama sisi chini ya blanketi. Tairi ni vilevile. Na jana tulipunguza ukiwa wa moto, ndiyo baridi imekuta umebaki kidogo."

Mjomba aliangalia chupa, halafu Mama Jolie. Akavua koti.

"Mama, munisamehe. Mwizi wa upepo ni miye."

Mama Jolie alicheka mpaka akashika ukuta. Tulikula bukari na mchicha wa lengalenga, posa ikasemwa, ikapokelewa. Kisha akaleta pompi ya baiskeli yenye geji, tukajaza matairi yangali baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pikipiki. Nilipotaka kumrudishia, akakataa.

"Muende nayo, kama mutaihitaji njiani. Lakini mwenye kuirudisha hapa ni Dieudonné."

Mchana, Likasi, matairi yalikuwa magumu tena. Fundi alituona, akainuka. Mjomba akamzuia kwa mkono: "Usiguse! Hiyo ni joto tu. Itashuka yenyewe."

Tangu siku hiyo ninapima upepo asubuhi kabla ya kuwasha injini, na wewe msomaji fanya hivyo. Utapata kipimo cha kweli.

Magharibi ya siku ile ile Dieudonné alikuwa kwenye geti letu Lubumbashi, uso umemkauka. Mjomba alishuka taratibu, akanyoosha mgongo, akamwekea ile pompi mikononi.

"Ya mama mukwe wako," akasema. "Anakungojea uirudishe."