Nilikwenda Kinanira kuchora sura ya mama, nikarudi na mgongo wake

Wakuu, habari za jioni popote mlipo. Mimi niko Bujumbura, mtaa wa Buyenzi. Huwa nasoma nyuzi za wenzangu na kupita kimya, leo nimeona niweke ya kwangu.

Sitatia chumvi. Yalitokea Jumamosi iliyopita, na niliyekuwa naye ni member humu, nikidanganya atanisuta.

Kwanza mnijue kidogo. Napaka rangi magari. Gari likigongwa wenzangu wananyoosha bati, mimi najaza mabonde kwa mastiki, napiga msasa, napulizia rangi. Kazi nzuri kwetu ni ile ambayo mwenye gari akirudi haoni palipogongwa.

Shule niliachia darasa la nane. Baba alitangulia, mama akafuata, na mimi ndiye mkubwa. Nyuma yangu wako watatu. Wa mwisho, Zuhura, mama alimwacha bado hajajua kutembea.

Picha ya mama hatuna hata moja. Zamani tulikaa Buterere, na wanaopajua wanajua maji ya mvua yanavyoingia ndani bila hodi. Picha zilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda. Tulizitoa zimegandamana, na kuzibandua ndiko kulikozimaliza.

Zuhura sasa ni msichana mkubwa, na siku hizi ana swali moja tu: "Yaya, mama alifanana na nani?"

(Yaya huku kwetu ni kaka au dada mkubwa, si yule wa kulea watoto. Ingawa kwangu mimi imekuwa kazi ile ile.)

Namjibu kwamba alikuwa mzuri, alikuwa mcheshi. Ananitazama kama mtu aliyepakuliwa mchuzi bila nyama.

Sasa kuna rafiki yangu Didier, Mkongomani wa Uvira, kinyozi. Saluni yake imepakana na gereji yetu. Mteja wake mmoja alimwalika kwenye darasa la kuchora huko Kinanira, mtaa wa kilimani, yeye na mtu wa kuongozana naye. Si shule. Watu wanakutana mchana, wanakunywa fanta, wanapiga soga, kila mtu anachora picha yake na kuondoka nayo. Mchumba wake alikuwa amevuka mpaka kwenda Uvira, kwa hiyo akaniangukia mimi.

Nilimwambia wanaume wawili wazima kwenda kuchora maua, watu watasema nini. Akasema watasema tumestaarabika.

Kilichonifanya nikubali sikumwambia. Alinionyesha ujumbe wa mwalimu kwenye simu: kila mtu aje na picha ya mtu anayempenda, tutachora sura. Nikawaza, kama wanafundisha sura kwa mchana mmoja, basi nitarudi na sura ya mama. Zuhura aione, hata kama ni ya rangi.

Mafuta ni shida siku hizi, kwa hiyo tulipanda Kinanira kwa miguu. Didier alifika amelowa jasho ndani ya shati lake la harusi.

Darasa lilikuwa barazani kwa mwalimu, dada mdogo kuliko mimi ambaye wote walimwita Madame. Wasichana wengi, wapenzi wachache, na sisi. Kila mtu aliwekewa kitambaa cheupe kilichovutwa kwenye fremu, brashi, na sahani ya rangi.

Hapo ndipo kazi yangu iliponiponza.

Nilipapasa kile kitambaa nikaona kinakwaruza. Nikaomba msasa. Madame alidhani natania. Basi nikakunja karatasi, nikasugua nayo, nikapaka rangi ya chini kitambaa kizima, sawasawa, halafu nikakaa nikisubiri ikauke. Wenzangu walikuwa wameshafika kwenye pua.

Didier akanigeukia. "We Rama, apa si gereji. Akuna mutu atakuja kuchukua iyo gari."

Meza nzima ilicheka, na mimi nikacheka.

Ilipokauka nikaanza uso. Wengine walikuwa wanatazama simu zao na kuiga. Mimi nilitazama kichwani. Nikaweka macho, pua, mdomo, na kila alama ya brashi iliyobaki nikailainisha, maana mkono wangu haujui kuacha alama. Ukatoka uso laini kama boneti, wa mtu nisiyemjua.

Didier akauangalia sana. "Iyi sura iko inaniomba permis, kama polisi wa barabara."

Safari hii sikucheka, naye akaona. Akaniuliza taratibu huyu ni nani. Nikamwambia ni mama. Akaweka brashi yake chini, akanisogezea sahani yake ya rangi.

Nikafunika kwa rangi, nikaanza upya. Kisha tena. Kila mara alitoka mwanamke mwingine.

Ndipo nikaelewa kwamba shida haikuwa mkono. Sura yenyewe sina. Miaka yote nilijua nimeitunza kwa niaba ya wadogo zangu, kumbe ilishaondoka bila kuniaga.

Nikainuka nitoke. Didier akanishika shati, akamwita Madame, akamnong'oneza. Madame akaja kuchuchumaa kando ya kiti changu. Hakunipa pole.

"Unakumbuka nini ya kweli?" akaniuliza. "Ata kama ni kidogo. Anzia apo."

Nikakaa. Nilichokuwa nakumbuka kweli ni mgongo.

Tulipokuwa Buterere mama alilima mpunga, na asubuhi kabla ya shule nilimfuata na mzigo. Mtoto mkubwa ndiye anayebeba. Njia ya kwenye tuta la shamba ni nyembamba, huwezi kutembea sambamba na mtu. Kwa hiyo mama yangu nimemwona zaidi kwa nyuma kuliko kwa mbele.

Najua shingo yake. Najua bega lake la kulia lilivyokuwa chini kuliko la kushoto. Najua kitenge cha njano, na ndani ya kitenge, mgongoni, kichwa cha mtoto kikiyumba kwa usingizi, na nyayo mbili zikichungulia pembeni.

Nikachora hivyo. Brashi ikiacha alama, naiacha. Madame alipita nyuma yangu, akasema "voilà", yaani ndiyo hiyo, akaendelea na safari yake. Didier alimchora mchumba wake akatoka na shingo ya twiga, akaniomba nisiseme humu. Samahani mkuu.

Nyumbani nilimpa Zuhura bila hotuba. Nikamwambia tu kwamba uso haupo, nimeshindwa. Akaipeleka dirishani kwenye mwanga. Kidole chake kilikuwa kimetulia kwenye kile kichwa kidogo.

"Na uyu mutoto ni nani?"

"Ni weye."

"Alikuwa ananibeba, mi?"

"Kila siku. Wenzake wa shambani wakitaka kukupokea anawakatalia."

Akaiangalia tena, safari hii kwa muda mrefu.

Wakuu, hilo sikuwa nimelifikiria. Nilidhani anataka kujua mama alifanana na nani. Kumbe mtoto amekua akiamini kwamba sisi watatu tulikuwa na mama, na yeye hakuwahi kuwa naye.

Jana jirani alikuja, nikamsikia Zuhura akimwonyesha picha. Hakusema "huyu ni mama yangu." Alisema, "Apa niko na mama, tunaenda shamba."

Nilichojifunza ni hiki. Nilikuwa nasubiri nimpate mama mzima ndipo nimpe mdogo wangu, na nilichokuwa nacho kilikuwa kinamtosha. Kama una kipande, toa kipande. Usikilainishe.

Mlioachiwa wadogo wachanga, ninyi mliwaambia nini? Andikeni, hata mstari mmoja. Nitasoma zote, na Zuhura naye atasoma. Amekaa hapa pembeni yangu, ameshaniambia nimekosea, kitenge nimekiita cha njano na yeye anasema pale kwenye picha ni cha rangi ya machungwa.