Mkono Juu ya Kichwa

Ofisi ya shule ilinuka penseli zilizochongwa sasa hivi. Tulikuwa tumepanda mabasi mawili kutoka Beechmont, mtaa tunaoishi huku ughaibuni, mimi na mwanangu. Karani alieleza kwamba watoto husoma nusu ya siku kwa Kiingereza na nusu kwa Kijerumani. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Zamani, meza ya mwalimu mkuu wa kwetu kijijini ilikuwa na harufu hiyohiyo. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tumewazika wazazi, nami nilikuwa nimeacha shule. Nilimpeleka kuandikishwa darasa la kwanza. Mwalimu alimwambia apitishe mkono juu ya kichwa, ashike sikio la upande wa pili. Vidole vilikomea kwenye nywele.

"Bado mdogo. Mrudishe nyumbani."

"Nyumbani hakuna mtu, mwalimu. Mimi nashinda shambani."

Nilimwinamisha shingo, nikamvuta mkono mpaka akalia. Ncha ya kidole ikagusa sikio.

"Basi, ameshika," mwalimu alisema. "Usije ukamng'oa bega." Akaandika jina.

Sasa fomu ya kumwandikisha mwanangu ilikuwa mbele yangu. Nyumbani mwetu hakuna anayejua hata salamu ya Kijerumani. Nani atamsaidia kazi za nyumbani?

"Mnampima nini?" nilimuuliza karani.

"Hatumpimi. Ni wewe tu uchague kama atasoma hapa, mama."

Nilimgeukia mwanangu, nikamwambia apitishe mkono juu ya kichwa. Aliniuliza kwa Kiingereza kwa nini; nikamwonyesha kwa mkono wangu. Akalishika sikio bila shida, akabaki amelishika, akisubiri niandike jina lake.