Mstari wa Marehemu Eliasi

Fundi wa Handeni hupangusa vidole kwenye suruali, huirudisha nyuma kofia yake ya msikitini, ndipo aguse kibodi. Tangu asubuhi anahamishia kwenye seva mpya ya hospitali, hapa Korogwe, kazi za kutunza kanzidata, programu ndogo zinazojiendesha zenyewe, alizoziandika marehemu Eliasi. Kazi moja ikikubali, hugonga meza mara mbili. Efrazia, dada wa marehemu, aliyeketi kando yake, ana hofu moja tu: kila kazi Eliasi aliimalizia kwa mstari wa kumsifu Mungu, ambao mashine haiuhitaji na fundi angeweza kuufuta.

“Fundi, ule mstari umeufuta?”

Fundi akaiendesha kazi ya mwisho. Kioo kikaandika: *Bwana asifiwe, kazi imekwisha.*

“Dada, mlokole wenu kanifanya mhubiri!”

Efrazia akacheka, kicheko cha kwanza tangu msiba, akagonga meza mara mbili.