Wimbo Tulioupeleka Kapolowe

Je, wimbo unaweza kuokoka, kama mtu anavyookoka? Nimekuwa na swali hilo tangu mwaka jana.

Wimbo wenyewe ni wa mwanamke wa Uingereza anayeimba muziki wa soul. Nilianza kumsikiliza nilipokuwa nikisomea Kiingereza chuoni Lubumbashi, na tangu hapo nimefuatilia maisha yake kama habari za jamaa aliye mbali. Alizaliwa katika mji wa viwanda. Baba yake aliyeyusha chuma, kama baba yangu alivyoyeyusha shaba hapa mtaani kwetu Panda. Aliimba kwanza katika kwaya ya kanisa, kisha kwenye vilabu vya pombe. Akapata umaarufu, akaolewa, akaachika, akanyamaza zaidi ya miaka kumi. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imeshuka, na mimi naipenda zaidi hiyo ya pili.

Mdogo wangu, mama wa watoto wanne anayeuza unga sokoni, ndiye mwimbaji kiongozi wa kwaya ya kanisa letu la Kipentekoste. Siku moja alinikuta nikisahihisha mitihani huku simu ikiimba.

"Yaya," aliniita, kama tunavyowaita kaka na dada wakubwa, "hii wimbo iko na upako. Unitafsirie, tuko na mukutano ya injili ku Kapolowe."

Sikumwambia kwamba mwimbaji anamsihi mume aliyemkimbia arudi nyumbani na sanduku lake la nguo. Mahali pa "mpenzi" niliandika "Mwokozi". Maneno mengine, nakiri, sikuyagusa sana.

Kanisani kwetu wimbo mpya hauimbwi kabla ya aliyeuleta kushuhudia jinsi alivyoupokea: katika ndoto, katika maono, au katika mfungo. Mdogo wangu aliniuliza atasema nini. Ninafundisha katika shule ya kanisa hilohilo, ambako mwalimu huitwa prof, nami nikaogopa jina langu litajwe pamoja na muziki wa dunia.

"Sema ulikujia mu maombi," nilimwambia.

Akasema hivyo. Watu wa Kapolowe waliusikiliza wakilia.

Miezi miwili baadaye, Jumamosi moja baada ya mazoezi ya kwaya, binti wa shemasi, aliyekuja likizo kutoka chuoni, alimsikilizisha mchungaji wimbo wenyewe wa Kiingereza na kumtafsiria mstari kwa mstari. Hukumu ilitolewa palepale: Jumapili mdogo wangu angesimama mbele ya waumini, aungame uongo wake, na kutoka siku hiyo asiimbe tena kwaya.

Alinijia moja kwa moja kutoka kanisani.

"Uliwaambia ni minye?" nilimwuliza. Hilo, kama alinitaja mimi, ndilo lililonitoka kwanza, kabla ya kumpa pole.

"Ningewaambia nini? Eti yaya yangu, prof mukubwa, njo alinifundisha kudanganya? Bangekufukuza kazi." Kisha akacheka. "Na weye! Mwokozi gani anaombwa arudie ku nyumba na valizi yake? Ningeshituka mapema."

Nilicheka pia, kwa aibu. Yeye akaacha kucheka kabla yangu.

"Huyu mwanamuke wako, ni kanisa ilimukataza kuimba?"

"Hapana. Aliacha mwenyewe."

"Myaka ngapi bila kuimba?"

"Kumi na zaidi."

Alikwangua unga uliokauka kwenye mkono wake. "Minye siwezi," alisema. "Hata miezi kumi na mbili, siwezi. Mu soko ninauza unga, ku nyumba ninapika. Kuko kitu gani ingine?"

Nilifikiria mshahara wangu, na wazazi wa wanafunzi ambao wangenisikia. Nilijua vilevile kwamba yeye angeungama kesho bila kunitaja, na kwamba ningemwacha afanye hivyo iwapo nisingejifunga kwa neno wakati ule ule.

"Kesho usisimame," nilimwambia. "Nitasimama minye."

"Yaya, usinichekeshe."

"Sichekeshi."

Asubuhi, kabla ya mahubiri, nilimwomba shemasi kipaza sauti. Nikasema wimbo ni wa nani na unahusu nini, kwamba nilibadili neno nikificha maana, na kwamba ushuhuda wa maombi niliutunga mimi, si mdogo wangu.

"Prof, kwa nini ulificha?" mchungaji aliuliza.

"Niliogopa kazi yangu, papa pasteur."

Akageukia safu za akina mama, alipokaa mdogo wangu.

"Mama atatubu, na atarudia ku kwaya," alisema. "Prof, weye baki hapa mbele. Bado hatuyamaliza na weye."

Nikabaki.