Jina Kwenye Kipande cha Nyama

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya patholojia nilionyeshwa mashine ya kukatia na kuambiwa nisiiguse mwezi mzima. Kazi yetu ilikuwa kuchukua kinyama kilichotolewa kwa mgonjwa, kukigandisha ndani ya nta, kukikata vipande vyembamba kuliko karatasi, kisha kuvitia rangi ili seli zionekane kwenye hadubini.

Daktari Mkuu, mama asiyependa maneno mengi, ndiye aliyenifunza maana ya nilichokuwa nakata. Seli, alisema, huishi kwa kupashana habari. Moja hutoa protini, nyingine huipokea kwenye utando wake wa nje, na ujumbe hupitishwa ndani mpaka ufike kwenye kiini. Ndivyo mtoto anavyoumbwa tumboni. Mkono huanza kama kijiko. Seli zilizo katikati ya vidole huambiwa zife, vidole vikaachana. Saratani nayo mara nyingi ni ujumbe uliokwama.

“Seli inasikia ‘gawanyika,’” alisema, “na hakuna aliyeiambia.”

Miaka hiyo ya tisini niliishi peke yangu mjini, mtaa wa Komarock. Mke wangu na watoto walikuwa nyumbani Kitui. Jirani yangu Mama Mutheu, fundi wa kushona, aliniletea muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, kila Jumapili, akaniuliza habari za nyumbani. Kuna wiki ambazo sikuzungumza na mtu mwingine nje ya kazi.

Asubuhi moja nikasoma jina la Mama Mutheu kwenye chupa ya kinyama kilichotolewa kwenye titi. Nilikikata, nikakitia rangi, nikatazama. Seli zilikuwa zimesongamana ovyo, dalili ya saratani. Nilimwomba Daktari Mkuu akisome kabla ya vingine, akakubali.

“Majibu atapewa na daktari wake,” akanikumbusha. “Wewe hujui kitu.”

Jumapili Mama Mutheu alibisha. Nilikaa ndani kimya hadi akaondoka.

Alifanyiwa upasuaji, akapona. Siku tuliyokutana langoni aliniuliza kama nilijua. Nikakiri.

“Jumapili ile sikuja kutafuta majibu, Baba Kioko,” alisema taratibu. “Niliogopa kukaa peke yangu.”

Hakubisha tena.

Sasa nimestaafu. Vijana wa maabara hupima protini zile zinazopokea ujumbe, na daktari akachagua dawa ya kuuzuia. Nawaonea fahari. Sheria ya siri niliitunza hadi siku ya mwisho, na ni sheria ya haki. Lakini haikunikataza kufungua mlango.